Firigisi Tano za Bungoma

Wenzangu, tangu Jumapili mnaniuliza kwa nini safari hii sikuwatumia hata picha moja ya sahani. Nimewazoesha vibaya: supu ya hapa, chapati ya pale, na chini yake maksi zangu juu ya kumi, kwa mkono wa mwalimu mkali. Wengine mmedhani nimeibiwa simu. Mmoja wenu, na anajijua, ameandika kwamba labda nimeokoka nikaacha mambo ya tumbo. Simu iko na tumbo liko. Nitawaeleza hatua kwa hatua, ila mambo ya zawadi, mavazi na nani alimpigia nani nitayaruka, maana hayo hayana ladha.

Kwa kifupi, kijana wangu Mwangi amepata msichana. Anaitwa Nekesa, ni nesi, na kwao ni nje kidogo ya Bungoma, upande wa Kanduyi. Ilibidi twende kwao tujitambulishe na tumwombe rasmi. Tulikuwa watatu. Mwangi alishika usukani wa pikapu yangu. Dada yangu mkubwa, Wangari, ambaye ni shemasi kanisani na hali kitu kabla ya kukikagua pande zote, alikaa katikati. Mimi, baba mtu, nilikaa dirishani nikiwa msemaji wa safari. Wangari ndiye aliyenichagua.

"Njoroge, wewe hujui kitu kingine," aliniambia, "lakini kukula na kuongea unajua. Na huko ndiyo kazi."

Nilisafiri na sheria yangu moja. Sisi ambao wazazi wetu walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati tunazijua shughuli za ukweni. Unafika saa nne, unasimamishwa langoni uimbe. Ukiruhusiwa kuingia, wazee wanaanza mazungumzo, wanatoka nje kushauriana, wanarudi, wanatoka tena. Chakula kinanukia nyuma ya nyumba kuanzia saa sita na kinaletwa saa kumi na moja, mbuzi akiwa amepoa na wewe unaona vizunguzungu. Kwenye shughuli ya binamu yangu nilikubali kila walichotaka ili tu sufuria zifunuliwe. Kuanzia siku hiyo niliapa kwamba siendi tena ukweni na njaa, kwa sababu mtu mwenye njaa hawezi kumtetea mtoto wake.

Kitale, saa moja asubuhi

Tulianzia hoteli moja ambayo menyu yake imechorwa ukuta mzima, vyakula zaidi ya thelathini, na samaki mmoja aliyechorwa akicheka. Mhudumu alisimama mbele yetu akiwa amekunja mikono.

"Iko nini leo?" nikamuuliza.

"Kila kitu iko."

"Basi niletee maini."

"Maini imeisha."

"Imeisha saa moja asubuhi?"

"Imeisha jana, mzee."

Nikajaribu supu, ikawa inakuja. Nikajaribu samaki, akasema huyo ni wa kuchorwa tu, aliletwa na fundi wa rangi. Mwisho nikamwomba aniambie mwenyewe kile kilichopo.

"Chai na mandazi. Na nduma. Mayai pia iko, lakini mwenye hukaanga hajakuja."

Nikala mandazi manne na nduma vipande viwili. Wangari alikunywa chai nusu kikombe baada ya kukifuta kwa kitambaa. Tulipokuwa tunainuka, mwenye kukaanga mayai akatokea akiwa mbio, na nikaona si utu kumwacha amekimbia bure. Tukakaa tena nusu saa. Mayai yalikuwa na chumvi ya kutosha familia nzima. Niliipa hoteli hiyo maksi tatu, mbili zikiwa za yule samaki ukutani.

Moi's Bridge

Kila mtu anajua kwamba kutoka Kitale kwenda Bungoma unanyoosha tu kupitia Kiminini. Mwangi alikuwa ameshawasha indiketa upande huo. Nikamwambia akate kushoto, tupitie Moi's Bridge.

"Baba, hiyo ni kuzunguka."

"Kuna mtu pale anachemsha kichwa cha mbuzi."

Wangari alifumba macho. Nadhani alikuwa anaomba.

Tulikuta malori ya mahindi yamepanga foleni hadi barabarani, na pikapu yetu ikajikuta katikati yao bila njia ya mbele wala nyuma. Nikaona hiyo ni neema. Nikashuka, nikaenda kwa yule mtu wangu wa supu, nikapata bakuli lenye ulimi na shavu na chapati mbili za moto. Sijamaliza chapati ya kwanza, dalali mmoja aliyeweka kijiti mdomoni akaja akakaa mbele yangu bila kukaribishwa.

"Umebeba gunia ngapi?"

"Sikubeba mahindi. Tunaenda kuposa."

Alifikiri kidogo, akahamisha kijiti upande wa pili. "Na mahindi ni ya lini?"

"Hakuna mahindi, bwana. Ni kijana wangu anaoa."

"Anaoa na nini sasa, kama hakuna mahindi?"

Nikamwagizia bakuli lake. Tulikula pamoja na akanieleza bei za msimu mzima, akiamini hadi mwisho kwamba nimeficha magunia mahali. Foleni ilipofunguka alikuja mbio hadi dirishani kuninong'oneza kwamba nikibadilisha nia nimtafute. Ile supu ilistahili maksi nane. Ningeipa tisa, lakini chapati ya pili ilikuwa na mchanga.

Naitiri

Mwangi alikuwa ameanza kuangalia saa. Tulikuwa tumeahidi kufika saa saba, na kabla ya kufika Naitiri tukakuta trekta la miwa limekwama mlalo barabarani, trela lake limelala upande mmoja na miwa imetapakaa. Watu walikuwa wamesimama wakitoa maoni. Kila aliyefika alimweleza dereva namna ambavyo angegeuza, na dereva aliitikia kila mmoja "ni kweli" huku amekaa kwenye nyasi anakula muwa.

Pembeni kulikuwa na mama anayechoma mahindi, na kando ya jiko lake sufuria ya madondo. Saa moja ya kusimama si mchezo. Nikachukua hindi moja, kisha bakuli la maharagwe hayo, kisha hindi la pili kwa ajili ya njia. Yule mama alinitazama muda mrefu.

"Mnaenda wapi na hizo suti?"

"Bungoma. Kwa wakwe."

"Wakwe wa upande gani?"

"Wabukusu, wa Kanduyi."

Akaacha kupepea jiko. "Na wewe unakula hivyo na hujafika?"

"Ndiyo maana nakula, mama. Huko tutangoja."

"Utangoja nini?" Akamgeukia Wangari. "Mama, nyinyi hamkumwambia huyu mzee? Huko kwetu hapana kungoja. Ukifika ni meza. Si umwambie aache nafasi, bana."

Wangari alinitazama kwa jicho ambalo nimelijua tangu nikiwa na miaka mitano. Mimi nikacheka. Niliona mama huyo anawasifu watu wake tu, kama tunavyofanya wote tukiwa mbele ya wageni. Nikamalizia hindi. Madondo yake nayapa maksi saba na nusu, na ushauri wake siku hiyo niliupa sifuri.

Webuye, saa sita

Hapa nilikusudia kuteremka kunyoosha miguu tu, na mkiniamini mtakuwa wa kwanza. Lakini kuna hoteli moja nyuma ya barabara kuu ambayo zamani ilikuwa inalisha wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Mwenyewe bado yupo, mzee mwenye aproni safi, na ile sufuria yake bado ipo, kubwa ajabu. Wateja ndio walipungua. Aliniambia kwamba hawezi kupika matumbo kidogo, mkono umezoea kiasi kile kile, kwa hivyo kila siku anapika ya watu mia moja na kungojea ishirini.

"Mzee, usiniache hivi," akasema, na akafunua kifuniko.

Nilikula kwa huruma. Matumbo yalikuwa laini, yameungwa kwa vitunguu vingi, na ugali wake ulikuwa mgumu wa kushikika. Maksi tisa, na nilimwambia. Alinishika mkono akasema hajasikia neno zuri mwaka mzima. Nilipotoka nje kifungo cha koti kilikuwa kimekataa kufika kwenye tundu lake.

"Njoroge," Wangari akasema nikiingia kwenye gari, "tumbo lako litaniaibisha mbele ya watu."

"Utalishukuru saa kumi, ukiwa unazirai na mimi niko macho."

Mwangi aliendesha akiwa amekaza taya, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kijana wangu anaogopa.

Bungoma, saa saba kasorobo

Nilikuwa nimejiandaa kwa lango. Nilikuwa hata na wimbo. Tulipofika lango lilikuwa wazi, na Mzee Wanyonyi, baba yake Nekesa, mwalimu mstaafu mrefu asiyepoteza maneno, akatupokea kwa mkono. "Mulembe," akasema. Tukaitikia mulembe, tukaingia, na kabla sijakaa sawasawa akaja mama mmoja na jagi na beseni ya kunawa.

Nilidhani ni kwa sababu ya vumbi la njiani. Nikanawa, nikasimama, nikasafisha koo.

"Wazazi wetu, sisi tumetoka mbali..."

"Baba Mwangi, kaa chini."

Sauti ilitoka mlangoni. Huyo alikuwa Senge Nasimiyu. Senge ni shangazi, dada ya baba, na haikuchukua muda kujua kwamba Mzee Wanyonyi ana nyumba na Senge ana amri. Anauza sare za shule mjini, na alinitazama kutoka shingoni hadi kiunoni akinikadiria saizi.

"Hapa mgeni hapana ongea na njaa," akasema. "Kwanza chakula. Maneno itakuja nyuma. Kalibu meza."

Nilikumbuka mama wa madondo, na ile sifuri niliyompa.

Mzee Wanyonyi ana ndugu watatu, na wote wamejenga kwenye ardhi ile ile. Kila mke wa ndugu alikuwa amechinja kuku wake mwenyewe, akampika jikoni kwake, kwa namna yake. Mamake Nekesa alichinja wa kwake. Senge naye akaja na wa kwake kutoka mjini. Wakaanza kuingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na hotipoti yake, ila mamake Nekesa hakuingia kwa sababu mkwe wake mtarajiwa, Mwangi, alikuwa mezani, na kwa mila yao mama haketi kula na mkwe. Yake aliibeba mke wa shemeji yake mmoja.

Na katika kila kuku, firigisi ni ya mgeni mkubwa. Haigawanywi, na kumpa mtu mwingine hakuruhusiwi. Ukikosa kuiona kwenye sahani una haki ya kuuliza. Kila mama alifunua hotipoti yake, akaitafuta firigisi kwa kijiko, akaiweka mbele yangu, akasema jina la nyumba yake, akakaa kungojea. Walipomaliza nilikuwa na firigisi tano kwenye sahani moja, ugali wa wimbi kando yake, mboga ya saga iliyolala kwenye maziwa, na mchuzi wa aina tano. Harufu ile ningeipa maksi kumi bila kuonja.

Nikamega tonge, nikatafuna, nikameza. Likafika kooni likakuta foleni.

"Kula," Wangari akaninong'oneza kwa lugha yetu, bila kusogeza midomo.

Nikajaribu kwanza ukarimu. Nilichukua firigisi moja nikamwekea Wangari kwenye sahani yake, nikatabasamu, nikasema kwetu mkubwa ndiye anayeanza. Mzee Wanyonyi aliinua mkono mrefu, akaichukua ile firigisi kutoka kwa dada yangu, akanirudishia.

"Hii ni yako," akasema.

Nikajaribu ugonjwa. Nikasema daktari amenikataza nyama kidogo, ni mambo ya presha. Nilikuwa nimesahau tunaposa nani. Nekesa, ambaye alikuwa amesimama karibu na kabati, alitoka kimya akarudi na kipimo, akanifunga mkono mbele ya watu wote. Kipimo kikapumua, kikalia.

"Presha yako ni nzuri, Baba," akasema kwa heshima zote. "Ni nzuri kuliko ya baba yangu. Unatumia dawa gani?"

Mmoja wa wale akina mama akacheka ndani ya leso. Mwangi alikuwa ameshamaliza sahani ya pili na alikuwa ananiangalia kwa macho ya kuomba. Nilijua uzito wa jambo hilo. Nikikataa mikono ya wanawake wote wa nyumba hiyo nimeikataa nyumba, na nyumba niliyoikataa haiwezi kunipa binti. Kijana wangu angempoteza Nekesa kwa sababu ya mandazi ya Kitale.

"Baba Mwangi," Senge akasema polepole, "wewe ulikula wapi?"

Nikasema ukweli. Nilitaja Kitale, nikataja Moi's Bridge na shavu la mbuzi, nikataja Naitiri na mahindi mawili, nikanong'ona Webuye. Senge alikuwa anahesabu kwa vidole, na nilipofika kidole cha nne akavifunga.

"Ulikuwa unafikiri hatuna?"

Hapo ndipo niliona aibu yenyewe. Nilijieleza mbio: sheria yangu, lango, nyimbo, wazee wanaotoka na kurudi, mbuzi wa saa kumi na moja. Wangari aliangalia dari. Mzee Wanyonyi alisikiliza hadi mwisho kwa utulivu wa mwalimu anayesikiliza mtoto aliyechelewa.

"Kwa hivyo huko kwenu," akauliza, "mgeni mnamweka njaa?"

Nilianza kututetea, sisi na mababu zetu.

Senge akainuka. "Sawa. Funika hiyo sahani. Tutangoja."

"Tutangoja nini?" nikauliza.

"Njaa yako," akasema, na kutoka kwenda jikoni.

Kungoja njaa

Nimewahi kungoja stakabadhi na mvua, lakini sijawahi kungoja njaa, tena nikiwa na watu wanaonisaidia kungoja. Mzee Wanyonyi alinitembeza shamba lote. Tulianza na mahindi, tukazunguka miwa, tukateremka hadi kwenye kisima na kupanda tena kwa njia ndefu. Majirani walikuwa wamesikia. Kila tulipopita ua, mtu aliinua kichwa.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," Mzee Wanyonyi alijibu, na tukaendelea.

Nilimwomba shoka nikapasua kuni. Nilimwomba toroli nikasomba mbolea kutoka zizini hadi kwenye migomba, nikiwa na suruali ya suti niliyoikunja hadi magotini. Jirani mmoja alikuja na kiti chake akakaa kutazama. Saa tisa nilijipima: kulikuwa na dalili, lakini hafifu, na ilitokana zaidi na hofu. Nilikuwa nafikiri juu ya Mwangi. Nilimwona kwa mbali amekaa na Nekesa kwenye ngazi za jikoni, na nikajiambia wanahesabu dakika.

Tulipumzika kwenye ukingo wa shamba la miwa. Mzee Wanyonyi alinikatia muwa, akakumbuka, akautafuna mwenyewe.

"Nyumbani nani anakupikia?" akauliza.

"Huwa nakula nje."

"Nje," akasema, na akaendelea kutafuna.

Huwa nina majibu mengi kwa swali hilo, ninyi mnayajua. Nawaambia watu mimi ni mtafiti wa sahani za watu. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, mikono ina malengelenge, na mzee yule hakuonekana kuwa na haraka ya kunihukumu, basi nikamweleza. Mama Mwangi alifariki miaka sita iliyopita. Wiki ya mazishi nilianza kula hotelini kwa sababu jikoni kulikuwa na watu wengi mno. Nikaendelea kwa sababu jikoni hapakuwa na mtu. Maksi hizi ninazowatumia zilianza hapo, mezani peke yangu, ili nionekane nina kazi ya kufanya. Sikuwahi kumwambia mtu hilo, na nimeshangaa kwamba nawaambia ninyi.

Mzee Wanyonyi alitema makapi, akasema jua linaelekea kushuka, turudi.

Saa kumi na moja na nusu

Njaa ilikuja tukiwa karibu na zizi. Haikubisha hodi. Nilisikia harufu ya moshi kutoka jikoni. Nilitembea mbele ya mwenyeji wangu hadi ndani ya nyumba, jambo ambalo si adabu, na nikakaa mahali pangu.

"Nimeiva," nikasema.

Senge Nasimiyu akafunua sahani. Walikuwa wamepasha moto kila kitu. Nilikula firigisi ya kwanza, kisha ya pili, nikamega ugali ule wa wimbi, nikaulowesha kwenye mchuzi wa kila nyumba bila kubagua. Nilikula saga hadi bakuli likaonyesha maua yake. Akina mama walikuwa wamekaa ukutani, na Wangari, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakunikemea kwa kulamba vidole. Nilifika firigisi ya tano nikasimama, maana niliona sasa wakati umefika.

"Wazazi wetu," nikaanza, "sisi tumekuja kumwomba Nekesa. Nilikuwa na hotuba, lakini nimeisahau. Tafadhali msimhukumu kijana kwa makosa yangu. Tunamwomba tu."

Senge alinitazama kana kwamba nimeanza kuongea juu ya jambo la mwaka jana.

"Nekesa? Hiyo tulimaliza saa nane."

"Saa nane nilikuwa kwenye mbolea."

"Ndiyo. Kijana alikula, akamaliza kila sahani. Dada yako akaongea vizuri, hata kifupi. Tukapigia Mzee simu huko shambani, akasema ndiyo. Hakukuwa na neno lingine."

Nikamgeukia Mzee Wanyonyi. Nilikumbuka simu moja aliyopokea nikisukuma toroli, akasema "sawa" na kuirudisha mfukoni. Nikamgeukia Wangari, naye akapanga upya mikunjo ya sketi yake.

"Sasa tulikuwa tunangoja nini, siku nzima?" nikauliza.

Senge alivuta stuli akakaa karibu nami, na sauti yake ikashuka kidogo.

"Huyu kijana yako alikuja hapa mwezi jana. Tukamuuliza anataka nini kwetu. Hakutaja Nekesa kwanza. Alisema, baba yangu tangu mama alale hajawahi kukaa mezani nyumbani. Anazunguka tu kwa hoteli. Akatuomba, siku mtakuja, tukupikie. Basi wamama wakasema kila nyumba ichinje." Akaonyesha hotipoti tano kwa mkono. "Hii hapana kuku ya posa. Ni yako."

Nilimtafuta Mwangi. Alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia viatu vyake, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia mchana ule mbele ya sahani zile, na nilimpenda kijana huyo kuliko siku zote. Nikachukua firigisi ya tano nikala polepole, nikitazama chini.

Senge aliniangalia usoni, kisha akamwita Nekesa alete maji ya kunywa haraka, kwamba chakula kimezidi pilipili. Hakikuwa na pilipili.